Kupokea Bila Kugeuka

Mjukuu wangu alipoanza kuchelewa kurudi kutoka shule, nilijua tu kuna kijana. Msichana wa kidato cha kwanza, miguu mirefu kama ngazi ya fundi rangi, anatoka asubuhi na soksi nyeupe na kurudi jioni na soksi za rangi ya udongo. Hesabu kama hiyo haitaki mtu aliyesoma sana, na mimi shule niliishia ya msingi. Nikimwuliza alikuwa wapi, ananiambia, "Mazoezi, Bibi." Mazoezi. Hata marehemu babu yake alikuwa akiniambia kikao.

Tulikuwa tunaishi wawili, vyumba viwili na korido juu ya duka la fundi cherehani. Mama yake, binti yangu wa kuzaa, yuko ng'ambo analea wazee wa watu. Mzee wake mwenyewe anampigia simu. Babu alipofariki nilimwambia mtoto, "Haya, mke mwenzangu, sasa tumebaki wajane wawili," naye akalia na kucheka pamoja, na tangu siku hiyo nikimwita mke mwenzangu anaitika.

Kazi yangu ni vifungo na mapindo. Fundi anashona chini, mimi namalizia juu, nimekaa dirishani. Zamani nilikuwa nikibandika birika, kabla halijachemka nasikia viatu kwenye ngazi. Mwaka ule birika likawa linachemka, linapoa, nalibandika tena. Si kwamba nilitaka chai. Nilitaka kitu kimoja ndani ya nyumba kipige kelele.

Siku moja nikasema hapana, huyo kijana leo atanijua. Nikavaa viatu vya kutokea, nikashika njia ya shule.

Kijana sikumkuta. Nilimkuta mwalimu wa michezo, kitambi kimetangulia, kipyenga shingoni, anawapigia kelele watoto wa watu katikati ya uwanja. Aliponiona nimesimama langoni akaja.

"Shikamoo, Bibi. Umekuja kuangalia riadha?"

"Marahaba. Nimekuja kumwangalia mwizi."

"Mwizi wa nini?"

"Wa mjukuu wangu. Jioni zangu zote zimekwenda."

Akacheka, akaniweka kwenye benchi kando ya ukuta, penye kivuli. Na kwa kuwa watu wenye vipyenga hawajui kukaa kimya, akaanza kunifundisha.

Nikaona mambo. Msichana mmoja mnene alishika dude la chuma, mviringo, akaliweka shingoni akilibembeleza kama mtoto mchanga, kisha akalisukuma kwa hasira zote alizonazo, halafu akaenda kuliokota mwenyewe. Mwalimu akasema hilo ni tufe. Nikamwuliza, "Kama analitaka, mbona amelitupa?" Upande wa pili wasichana walikuwa wakikimbia kwa nguvu zote ili wakaanguke kwenye mchanga. Mwenzao anafika na tepu, anapima pale nyuma kabisa walipogusa. Yaani ukiruka miguu ikaenda mbali lakini makalio yakabaki nyuma, wanapimia makalio. Nikamwambia mwalimu mchezo huo ungenipunja. Wengine walikuwa wamepanga viunzi njiani, wao wenyewe kwa mikono yao, kisha wanavikimbilia na kuviruka huku wamekunja sura.

"Vizuizi vya bure vipo," nikasema. "Wangengoja tu wakue."

"Na wale, Bibi, wanazunguka uwanja mzima mara moja."

"Wanaishia wapi?"

"Palepale walipoanzia."

"Si wangekaa."

Mwalimu alifuta machozi ya kucheka kwa mkono wa fulana yake. Lakini mimi wakati huo nilikuwa nimeshamwona mtu wangu, na mzaha ukaniisha mdomoni.

Alikuwa kwenye bomba la maji, peke yake. Wenzake wamekaa makundi makundi kwenye nyasi, huyu anamsuka huyu, yule ameweka kichwa kwenye mapaja ya mwenzake. Yeye amechuchumaa anafunga kamba za raba. Zilikuwa zimefungwa. Akazifungua, akazifunga tena, taratibu, kama mtu mwenye kazi. Akaenda akanywa maji, akarudi, akaziinamia tena. Nilimtambua vizuri sana. Mimi nyumbani naosha vikombe visafi.

Alikuwa hajaniambia. Kila jioni namwuliza, "Wenzako hawajambo?" anasema hawajambo. Wenzake wangekuwa hawajambo kweli, maana hakuna aliyekuwa akimjua vya kutosha kumwambia kama anaumwa.

"Yule mrefu," nikamwuliza mwalimu, "hana rafiki?"

"Yule hana mpinzani, Bibi. Kwenye mbio fupi anawaacha wote. Labda ndiyo maana." Akakuna shingo. "Lakini nimempata dawa. Nimemtia kwenye timu ya kupokezana kijiti. Huko huwezi kukimbia peke yako."

Nikaangalia hiyo dawa. Wanakuwa wanne, kila mmoja na kipande chake cha uwanja. Wa kwanza anakimbia na kijiti mkononi, anampa wa pili, wa pili anampa wa tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho. Wa kwanza alikuwa kasichana kafupi, kakali, wanamwita Pilipili. Wa pili ni mjukuu wangu. Pembeni, nje ya mstari, alisimama wa tano, wa akiba, msichana mpole mwenye koti la michezo limemzidi. Huyo anakimbia mmoja wao akikosekana.

Kipyenga kikalia. Pilipili akaja mbio, mashavu yamejaa upepo, akanyoosha kijiti. Na mjukuu wangu akafanya nini? Akasimama. Akageuka. Akamtazama mwenzake usoni, akakipokea kile kijiti kwa mikono miwili, akainamisha goti kidogo, na midomo yake niliiona mimi kwa macho yangu ikisema, "Asante."

Uwanja mzima ulicheka. Mpaka yule wa tufe aliweka tufe chini ili acheke vizuri.

Mwalimu akapuliza kipyenga kwa hasira. "Mkono wa kushoto. Nyuma. Usigeuke, usisimame, uwe umeshaanza kukimbia. Unapeleka mkono nyuma, yeye anakuwekea, unaondoka. Ukigeuka tu, wenzako wameshafika mwisho wanakunywa soda. Nimesema mara ngapi?"

Kumbe si mara ya kwanza. Walirudia. Akageuka tena. Wakarudia. Mara hii alijilazimisha asigeuke, ila mkono uliokwenda nyuma ulikuwa wa kulia, wa kushoto ukaufuata kuushika kiwiko, kijiti kikaanguka. Pilipili akashika kiuno.

"We Asante," akamwambia. "Kwani nakupa mahari?"

Ndilo jina walilokuwa wamempa. Asante. Niliposikia nikatazama mikono yangu, maana mikono ile iliyokosea ilikuwa kazi ya mikono hii. Mtoto huyu tangu aletwe kwangu akiwa mdogo, akiniomba kikombe kwa mkono wa kushoto, simpi. Akipokea huku anatazama pengine, sikiachii. Nakishikilia mpaka anitazame, alete mikono miwili, aseme neno. Nilimfundisha vizuri mno. Wakwe zake wa baadaye wangenishukuru, lakini wakwe hawakuwapo uwanjani.

"Mwalimu," nikasema, "mnachomfundisha ni utovu wa adabu."

"Bibi, hapa adabu ni kufika." Kisha akapunguza sauti. "Jumamosi nachagua timu. Timu itakwenda kambini likizo nzima, shule nyingine huko mbali, halafu mashindano. Nampenda mjukuu wako, lakini asipobadilika nitamweka yule wa akiba. Yule ni mzito kidogo, ila anajua kupokea."

Likizo nzima. Nikapiga hesabu yangu kimya kimya. Mtoto akishindwa, likizo anakaa na mimi, birika linachemka mara moja tu. Akifaulu, anakwenda. Nilirudi nyumbani nimefurahi kidogo, na furaha yenyewe ilikuwa na harufu ya kitu kilichoungua.

Jioni alipofika, nilimwekea chakula. Akakipokea kwa mikono miwili, akasema asante, kisha akatazama mikono yake kama imemtukana.

"Nilikuona leo," nikamwambia.

"Nilikuona pia, Bibi. Kila mtu alikuona. Yule bibi anayemchekesha mwalimu ni wa nani, wakauliza."

"Ukasemaje?"

"Nikasema simjui."

"Vizuri. Hata mimi waliniuliza yule anayepiga magoti mbele ya kijiti ni wa nani."

Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali, kikageuka njiani. "Nataka kwenda, Bibi," akasema. "Si mashindano. Mashindano hata sijali. Kambini wanalala chumba kimoja wanne. Pilipili anasema usiku wanaongea mpaka mwalimu anagonga mlango." Akasukumasukuma chakula kwenye sahani. "Sijawahi kugongewa mlango kwa sababu ya kuongea."

"Basi kipokee hicho kijiti kama wanavyotaka."

"Mkono haukubali. Kichwa kinajua, mkono haujui. Nikisikia mtu yuko nyuma yangu na kitu, nasikia sauti yako. 'Tazama anayekupa.'"

Akala, akaosha sahani, akaenda kulala. Mimi nikabaki na shati la mteja mapajani. Nilitia kifungo kimoja, nikakikata, nikakitia upya mahali palepale. Ningeweza kunyamaza, hakuna ambaye angejua. Ningekuwa bibi mwema tu aliyemlea mtoto vizuri, na Jumamosi ingefanya kazi yake yenyewe.

Lakini niliendelea kuiona ile raba inafungwa na kufunguliwa kwenye bomba. Asubuhi kabla hajavaa sare, nilisimama nyuma yake koridoni na mwiko.

"Mke mwenzangu. Mkono wa kushoto, nyuma. Usigeuke."

Akageuka. "Bibi, unaumwa?"

"Umegeuka. Hupewi." Nikauficha mwiko mgongoni. "Tena."

Hivyo ndivyo tulivyoanza kuharibu kazi ya miaka yote ile. Nyumba nzima ikawa haina adabu. Sabuni nampa kutoka nyuma. Kitana, kopo la chumvi, kandambili, taulo, vyote kutoka nyuma na kwa mkono wa kushoto. Akigeuka, hapewi. Akisema asante, nakichukua tena. Siku moja alikosa chumvi mpaka akala chakula baridi na hakina ladha, kwa sababu shingo yake ilikuwa ikigeukageuka kama ya kuku. Chai tu ndiyo niliyokataa. Nina akili zangu, na ngozi yake naihitaji.

Koridoni tulikimbia. Yaani yeye alikimbia, mimi niliburuza miguu nikija na mwiko kama polisi mstaafu. Fundi cherehani akagonga dari yake kwa rula ya mbao, akachoka kugonga, akapanda mwenyewe. Alifika mlangoni wakati mtoto anaupokonya mwiko mkononi mwangu bila kunitazama na kuondoka zake.

"Bi Mkubwa," fundi akasema, tepu imemning'inia shingoni, "huyu mtoto siku hizi anakudharau."

"Namfundisha."

"Dharau nayo inafundishwa?"

"Inataka mazoezi kama kitu kingine. Wewe unadhani wako walizaliwa nayo?"

Akashuka akitikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza hakuuliza vifungo vyake vimefikia wapi.

Mkono ulikubali kwanza. Shingo ndiyo iliyokataa. Ijumaa jioni, na kesho yake ndiyo Jumamosi, bado kila nikifika karibu alitupa jicho nyuma. Kidogo tu, kama mtu anayehakikisha mlango amefunga. Nikachoka, nikakaa sakafuni na mwiko wangu.

"Unaangalia nini?"

"Naangalia kama upo."

"Ningekuwa wapi?"

Alikuwa ameegemea ukuta, anapumua. "Mama aliponileta hapa," akasema, "aliniambia nitangulie ndani, yeye analeta begi. Sikugeuka. Nilipogeuka begi lilikuwa mlangoni."

Lile begi nililipokea mimi. Nilifikiri mtoto alikuwa mdogo, hakumbuki. Nikamwomba anisimamishe. Aliponishika kwapani nikasema, "Sikiliza. Miguu yangu ikoje?"

"Inaburuzika."

"Inasikika?"

"Mpaka kwa fundi."

"Basi acha macho, tumia masikio. Pilipili naye ana miguu. Utamsikia anakuja, utamsikia amefika. Mtu anayekuja anasikika. Funga macho sasa."

Akafunga. Nikarudi mwisho wa korido, nikaja. Nilivuta zile kandambili kwa kelele zote nilizonazo, na nilipofika, mkono wake wa kushoto ulikuwa nyuma umefunguka, kiganja juu, unangoja, na shingo imetulia. Nikauweka mwiko. Akaondoka. Akafika mlango wa chumba chake na hakugeuka hata pale, akasimama hivyo hivyo amenipa mgongo, ameshika mwiko.

"Hivyo?" akauuliza mlango.

"Hivyo," nikauambia mgongo.

Jumamosi nilifika mapema, nikakaa kwenye benchi langu. Mwalimu alinisalimu, lakini siku hiyo hakuwa na nafasi ya kufundisha, na mimi sikuwa na mzaha wa kutosha. Kwanza alimweka wa akiba nafasi ya pili, kipyenga kikalia, wakamaliza mzunguko vizuri, hakikuanguka kitu. Mwalimu akatazama saa yake. Kisha akamwita mjukuu wangu.

Alisimama kwenye kipande chake, akainama. Hakunitafuta kwa macho. Pilipili akatoka mbio. Nikamwona mtoto wangu anasikiliza, nilijua kwa jinsi kichwa kilivyoinama upande mmoja, kama anayesikiliza maji kwenye bomba. Akaanza kukimbia kabla mwenzake hajafika. Pilipili akapiga kelele, "Chukua." Mkono wa kushoto ukaenda nyuma, kijiti kikaingia, na yule mtoto akaondoka. Sijui nielezeje. Nimeona nguo ikichukuliwa na upepo kutoka kwenye kamba, na unabaki na vibanio mkononi. Alikwenda hivyo.

Mwisho wa mzunguko mwalimu alitazama saa, akaipiga kofi, akaitazama tena.

Wasichana wakamvamia. Pilipili alimrukia shingoni akaning'inia, miguu haifiki chini. "Asante amekuwa jambazi," akawa anapiga kelele, "kaninyang'anya, mmeona, kaninyang'anya," na mjukuu wangu anacheka kicheko ambacho koridoni kwangu sijawahi kukisikia, kicheko cha kufungua mdomo wote. Wakaenda kwenye bomba wote wanne, wakimwagiana maji.

Nikajiweka sawa kwenye benchi. Nilidhani atanitazama. Nilinyoosha shingo kidogo ili asipate taabu ya kunitafuta. Alikuwa amenipa mgongo, mwenzake mmoja anamsuka, mwingine anamsimulia jambo. Baadaye alikuja mbio, jasho na maji vimechanganyika.

"Bibi, wanakwenda kwa akina Pilipili kupanga vitu vya kambi. Naomba niende nao. Nitarudi kabla ya giza."

"Nenda."

"Utafika mwenyewe nyumbani?"

"Nimefika mwenyewe hapa."

Akanibusu haraka, karibu na sikio, akakimbia. Wakatoka langoni wameshikana mikono, barabara yote wameifunga, baiskeli ikabidi ipite kwenye nyasi.

Mwalimu akaondoka. Uwanja ukabaki na mtunza uwanja anayekusanya viunzi, na mimi, na mwisho wa benchi mtu ambaye sikumwona alipokaa. Alikuwa wa akiba, ndani ya lile koti lake kubwa, mikono imepotelea kwenye mikono ya koti.

Nikasogea kidogo upande wake.

"Pole, mama. Umejisikia vibaya?"

"Hapana, Bibi. Niko sawa."

"Mimi siko sawa."

Akanitazama kwa mshangao. "Lakini mjukuu wako amepata nafasi."

"Ndiyo maana."

Alifikiri. Alikuwa mtoto anayefikiri. Kisha akaondoa begi lake katikati yetu akaliweka chini, nasi tukakaa, tukitazama mistari ya chokaa ambayo wengine walikuwa wameshaikanyaga mpaka imefutika.

"Nilikimbia vizuri," akasema baadaye.

"Nilikuona. Kijiti hakikuanguka."

"Hakikuanguka."

Mtunza uwanja akaja, akasema samahani, benchi linafungiwa stoo. Tukainuka. Akalibeba begani akaenda nalo, nasi tukabaki tumesimama mahali lilipokuwa, kila mtu na mkoba wake, kila mmoja akimngoja mwenzake aage kwanza.